Apu inahesabu sekunde, pushapu hesabu mwenyewe

Watu wakijua unafanya mazoezi nyumbani kwa kutumia simu swali la kwanza ni lilelile, unatumia apu gani? Na jibu langu huwa linawaudhi kidogo maana wao wanasubiri jina, mi nawaambia chukua yoyote. Sitanii. Hizi apu za mazoezi ya haraka, zile za bila vyuma bila mashine, uzito wako mwenyewe tu na sakafu, ukizifungua nyingi utakuta ni kitu kilekile kimebadilishwa rangi: kuruka huku unapanua mikono na miguu, kukaa hewani mgongo ukutani, pushapu, kuinua mabega ukiwa umelala chali, kupanda kiti na kushuka, skwati (kuchuchumaa na kuinuka), dipsi za kitini (mikono imeshika kiti nyuma yako, unashusha mwili na kuupandisha), planki (kutulia umenyooka kama ubao juu ya viwiko na vidole vya miguu), kukimbia hapohapo magoti juu, lanji (hatua ndefu mbele huku goti la nyuma likishuka), pushapu ya kugeuka ubavu, halafu planki ya ubavu. Kumi na mbili hizo. Sekunde 30 kazi, sekunde 10 mapumziko, unahamia inayofuata.

Hiyo orodha ina wenyewe. Ilitoka 2013 kwenye jarida la Chuo cha Marekani cha Tiba ya Michezo, waandishi ni Chris Jordan na Brett Klika, walikuwa taasisi moja ya pale Orlando, Florida, wanafanya kazi na watu wa maofisini wanaosafiri na kulala hotelini, na hotelini vitu ambavyo huvikosi ni sakafu, ukuta na kiti, ndo maana zoezi zima limejengwa juu ya hivyo vitatu. Mwezi wa tano mwaka huohuo New York Times ikaiandika, basi, kila mtu anayejua kutengeneza programu ya simu akatengeneza ya kwake. Ikaitwa mazoezi ya dakika 7 ingawa ukipiga hesabu vizuri, kazi mara 12 na mapumziko mara 11, ni sekunde 470, yaani karibu dakika 8. Haidhuru.

Kinachodhuru ni kipande kilichoachwa njiani. Wale jamaa kwenye makala yao walisema mzunguko huo unaweza kurudiwa mara 2 au 3, na walisisitiza ufanywe kwa nguvu, siyo kwa kujipepea. Apu nyingi zikabeba ile dakika 7 kwa sababu ndo inauza, ya kurudia ikawekwa nyuma nyuma huko kwenye mipangilio ambako hakuna anayefika. Kingine ni mpangilio wenyewe, haukuwekwa hovyo. Ukiangalia utaona miguu ikifanya kazi mikono inapumzika, mikono ikichoka unarudi tumboni, moyo unapandishwa halafu unashushwa kidogo, na hiyo ndo sababu sekunde 10 za kupumzika zinatosha, siyo kwamba umepumzika, ni kwamba unahamia kwenye msuli ambao haujachoka. Sasa kuna apu zina kitufe cha kuchanganya mazoezi ili usichoke na kitu kimoja. Usikiguse. Inaweza kukupangia pushapu, dipsi na pushapu ya kugeuka mfululizo, mikono inakufa dakika ya pili na unabaki unajilaumu kwamba huna nguvu.

Hali ni hiyohiyo kwa neno Tabata, linabandikwa kwenye kila kitu chenye sekunde 20 za kazi kwa 10 za mapumziko. Izumi Tabata ni mtafiti wa Japani, na ile kazi yake iliyochapishwa 1996 watu walikuwa juu ya baiskeli ya maabara wanakanyaga kwa nguvu ya kama asilimia 170 ya kiwango ambacho mwili unafikia kilele cha kutumia oksijeni, mara 7 hadi 8 mpaka mtu anashindwa kabisa. Dakika 4 za namna hiyo unamaliza umelala chini unatafuta hewa. Ukimaliza Tabata ya kwenye simu na bado unaweza kujibu meseji basi ulichofanya ni mazoezi mazuri tu ya dakika 4, ila usitegemee yale matokeo ya maabara.

Nikirudi kwenye apu zenyewe, jambo moja ambalo ningependa kila anayeanza alijue ni kwamba apu ya kawaida haikuoni. Inajua muda umeenda, basi. Wewe unaweza kuiwasha ukakaa kitandani unakula, mwisho wa dakika 7 itakupongeza, itapiga vigelegele, itakupa na kikombe cha dhahabu. Kwa hiyo ile alama ya tiki haina habari yoyote kuhusu mwili wako. Mtu mmoja kwenye sekunde 30 anapiga pushapu 6 za kushuka polepole hadi kifua kinakaribia sakafu, mwingine anapiga 25 za kutingisha kichwa tu, wote wawili apu inawaandikia sawasawa. Ndo maana mi nashauri uwe na daftari, au ile sehemu ya kuandika notsi kwenye simu, na uandike idadi za mazoezi matatu tu: pushapu, skwati, na dipsi. Usihesabu yote kumi na mbili, utachoka kuhesabu kabla hujachoka mwili. Tatu zinatosha kukuonyesha kama unapanda au umesimama palepale huku apu inakwambia umefika levo ya 9.

Pushapu tukae nayo kidogo maana ndo inayovunja watu moyo. Kwenye pushapu ya kawaida ya sakafuni mikono inabeba karibu theluthi mbili ya uzito wako. Ukiweka magoti chini unabeba kama nusu. Ukiegemeza mikono kwenye kitu cha juu, meza imara au ukingo wa kitanda, mzigo unapungua zaidi, na ukutani unapungua kabisa. Apu nyingi zinakupa chaguo mbili, kamili au magoti, hakuna katikati, na mtu anayetoka magotini kwenda sakafuni anakuta ni ngazi kubwa mno anakata tamaa. Mi nampa mtu njia ya mikono kuinuliwa: anza na ukuta, ukifika mahali sekunde 30 zinapita bila shida shuka kwenye meza, kisha kitanda, kisha kiti cha chini, kisha sakafu, mwili umenyooka muda wote kama ubao. Njia hii naipenda kuliko ya magoti kwa sababu tangu siku ya kwanza unajifunza kushikilia kiuno na tumbo namna ileile utakayohitaji sakafuni, kinachobadilika ni kimo tu.

Na namna ya kujua umekosea huhitaji kioo. Kitovu kikigusa sakafu kabla ya kifua, kiuno kimelegea. Viwiko vikitoka pembeni kabisa hadi mabega yanasikia kubanwa, virudishe karibu na mbavu, siyo kuvibandika, karibu tu. Viganja vikiuma, tandaza vidole na usukume sakafu kwa vidole pia badala ya kumwaga uzito wote kwenye kisigino cha kiganja. Mwisho, yule mchoro wa kwenye apu, mtu wa katuni anayepanda na kushuka bila kutoa jasho, usimfuate spidi. Yeye hana mabega. Shuka ukihesabu moja mbili tatu, panda kwa nguvu. Zitapungua idadi lakini zitakuwa pushapu.

Skwati nayo ina ugomvi wake. Watu wanaogopa goti kupita vidole vya miguu kwa sababu kuna apu zinasema kwa sauti kabisa, goti lisipite vidole. Kwa wengi wetu linapita kidogo na hakuna kinachovunjika, ukipanda ngazi linapita, ukichuchumaa kufunga kiatu linapita. La kuangalia ni goti lisiangukie ndani, lifuate uelekeo wa vidole, na kisigino kisinyanyuke. Kama huamini usawa wako weka kiti nyuma, kalia taratibu, ukigusa tu inuka. Hiyo ni skwati halali kabisa usione aibu.

Sasa mipangilio, maana hapa ndo apu inageuka kuwa yako. Kabla hujaanza ingia kwenye mipangilio uongeze mapumziko kutoka sekunde 10 hadi 20 kama ni mgeni, hakuna atakayekukamata. Wiki zikienda rudisha 15, rudisha 10. Ongeza mzunguko wa pili kabla ya kuongeza sekunde za kazi. Washa sauti ya kutaja zoezi linalofuata na mlio wa sekunde 3 za mwisho, zima muziki wao (kwa kweli ni mbaya), weka wako. Video zote ziangalie siku moja kabla, ukiwa umekaa, na kama apu inaruhusu kuzipakua zipakue ukiwa na waifai, kwa sababu kugeuza shingo kutazama simu ukiwa katikati ya planki ndo njia ya haraka ya kuamka na shingo ngumu. Simu isikae sakafuni mbele ya uso wako, utakuwa unaichungulia tu. Iweke pembeni usikie sauti.

Na kupasha mwili joto hakumo kwenye zile dakika 7. Kuruka kwa mwanzo watu wanakuchukulia kama ndo kupasha joto, kwa kijana aliyekuwa anatembea tembea sawa, ila kwa mtu aliyetoka kukaa kitini masaa manne hapana. Zungusha mabega, zungusha nyonga, tembea hapohapo ukipandisha magoti, chuchumaa mara chache polepole, dakika 2 au 3 zinatosha kisha ndo ubonyeze kitufe.

Kwa wanaokaa ghorofani, kuruka ni ugomvi na wa chini. Kila zoezi la kuruka lina ndugu yake wa kimya. Badala ya kuruka ukipanua miguu, toa mguu mmoja pembeni mkono juu, rudisha, toa mwingine, fanya kwa haraka na ukishuka chini kidogo kila hatua utatoka jasho vilevile. Badala ya kukimbia hapohapo, pandisha goti moja moja kwa nguvu ukivuta na kiwiko, mguu ushuke kwa vidole kwanza. Na zile bapi (kuchuchumaa, kurusha miguu nyuma, kuirudisha na kusimama au kuruka) ambazo apu nyingi zinazipenda mi nimezifuta kwenye orodha yangu na sijazikumbuka hata siku moja. Jina lenyewe ni la Mmarekani mmoja, Royal Burpee, aliyelibuni zoezi hilo miaka ya 1930 kama kipimo cha haraka cha utimamu wa mwili, unafanya chache unapimwa. Waliokuja kuligeuza adhabu ni wengine.

Kuna kitu kinakosekana kwenye orodha nzima na sijui kwa nini watu hawakisemi zaidi. Hakuna kuvuta. Kazi yote ipo kwenye kusukuma, kuinama, kukaa na kuruka, mgongo wa juu na nyuma ya mabega havipati chochote, na ukizingatia wengi wetu siku nzima tumejikunja mbele ya simu au kompyuta, hapo ndo palipohitaji kazi kuliko kifua. Shida ni kwamba kuvuta kunataka kitu cha kushika. Nyumbani chukua begi la mgongoni, jaza vitabu au chupa za maji, inama mgongo ukiwa umenyooka, mkono mmoja uegemee kiti, mwingine uvute begi hadi ubavuni, kiwiko kiende nyuma siyo juu, shusha taratibu. Sekunde 30 kila upande. Apu nyingi zina sehemu ya kutengeneza mazoezi yako mwenyewe, liingize hilo ulipe jina lolote ulitakalo, mi nimeliweka mahali pa dipsi siku moja moja kwa sababu dipsi za kitini mabega ya watu wengi hayazipendi. Hata kama unazipenda usishuke chini sana, mkono wa juu ukifika sambamba na sakafu rudi.

Haya, kalori. Ukimaliza apu inakwambia umechoma 120 unajisikia vizuri. Ngoja tufanye hesabu yao mbele yako. Apu ambayo haijaunganishwa na kitu cha kupima mapigo ya moyo inachukua uzito wako, muda, na namba ya ukali wa zoezi iliyokwishapangwa kwenye majedwali. Mazoezi ya viungo ya nguvu yamepewa kama 8. Kwa mtu wa kilo 70, 8 mara 70 mara dakika 7 gawa kwa 60 unapata kama 65. Hiyo ni ukiwa umefanya kwa nguvu kweli, na ndani yake kuna kalori ambazo ungezitumia hata ukiwa umelala kwenye kochi. Kwa hiyo kama lengo lako ni kupunguza uzito peke yake, kikubwa kitafanyika kwenye sahani, mazoezi haya faida yake iko kwingine, kwenye moyo, nguvu za miguu, kupanda ngazi bila kuhema. Ile skrini ya kalori mi naipita bila kusoma.

Je dakika 7 kwa siku zinatosha? Shirika la Afya Duniani kwenye mwongozo wake wa 2020 linasema mtu mzima apate kwa wiki dakika 150 hadi 300 za mwendo wa wastani, au 75 hadi 150 za mwendo mkali, na juu yake mazoezi ya misuli siku 2 au zaidi. Dakika 7 kila siku ni 49. Hazifiki. Lakini ukipiga mizunguko 2 siku nne na siku nyingine ukatembea kwa kasi muda wa kutosha, umefika na hata kupita, halafu kizuri ni kwamba mwongozo huo umeiondoa ile kanuni ya zamani ya kusema mwendo usiofika dakika 10 mfululizo hauhesabiki. Sasa unahesabika. Kwa hiyo mzunguko mmoja asubuhi na mwingine jioni ni sawa, na siku ya kazi nyingi mzunguko mmoja siyo bure.

Kinachoniudhi ni ule mnyororo wa siku. Apu inakuhesabia siku mfululizo, ukikosa moja inarudi sifuri na kuna moja inakutumia kabisa picha ya uso unaolia. Wamejenga ili ufungue apu, hawakujenga ili misuli ikue. Misuli inataka siku ya kupumzika, hasa wiki za mwanzo ambapo maumivu yanakuja kesho yake na yanakaa siku mbili tatu, unashuka ngazi umeshika ukuta. Maumivu hayo ya msuli mzima kuwa mzito ni ya kawaida, tembea, yatapita. Maumivu makali ya kuchoma kwenye goti, bega au kiuno, yanayokuja ukiwa katikati ya zoezi, hayo simama, bila kujali zimebaki sekunde ngapi. Mi notifikesheni zote nimezima nikabakiza moja tu ya muda niliouchagua mwenyewe.

Mwenye presha naye aangalie mazoezi ya kutulia, yaani kukaa ukutani na planki. Kuna uchambuzi ulitoka 2023 kwenye British Journal of Sports Medicine uliokusanya tafiti 270 na mazoezi ya namna hii ndo yaliongoza kwa kushusha presha, habari njema, lakini ukiwa ndani ya zoezi lenyewe presha inapanda, na ukibana pumzi inapanda zaidi. Kwa hiyo hesabu kwa sauti, ukihesabu huwezi kubana pumzi. Aliye kwenye dawa, mjamzito, aliyewahi kubanwa kifua au kuzimia akifanya kazi nzito, aanze kwa daktari kabla ya apu.

Mwisho hela. Nyingi za hizi apu ni bure kwa mazoezi ya msingi, na mazoezi ya msingi ndo yote niliyoyaeleza hapo juu, kwa hiyo kabla ya kulipa jiulize unalipia nini hasa. Mipango ya siku 30 ya tumbo la vipande? Hiyo acha. Kuondoa matangazo yanayokatiza katikati ya planki? Hapo nakuelewa. Ukikubali siku za majaribio za bure wanachukua njia yako ya malipo siku ileile na zikiisha wanaanza kukata wenyewe, na kuifuta apu kwenye simu hakusitishi makato, inabidi uingie kwenye Google Play au App Store, sehemu ya usajili, usitishe huko. Fanya hivyo siku hiyohiyo unayojiunga, kwa kawaida utaendelea kutumia hadi siku za majaribio ziishe. Na ikiomba ruhusa ya kuona namba za watu wako au kujua ulipo, kataa. Pushapu za chumbani kwako hazihitaji ramani.